Injini Mpya au Platini Mpya? Hesabu ya Land Rover ya Zamani Kigoma

Land Rover ya petroli ikianza kukohoa kwenye mwinuko wa kutoka stesheni kwenda Mwanga, ushauri wa kwanza atakaopewa mwenyewe ni ule ule: toa hiyo injini, weka dizeli ya Mjapani. Ushauri huo hutolewa kabla boneti haijafunguliwa. Naupinga, ingawa sina ugomvi na dizeli. Wengi wanaoufuata hulipa mamilioni kutibu ugonjwa ambao ungepona kwa platini, kondensa na kipande cha msasa. Halafu wanabaki na gari lenye nguvu zaidi lakini breki zile zile za zamani.

Ninazungumzia hasa Land Rover 109 na ndugu yake mfupi 88, namba zinazotaja inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Series IIA ilitengenezwa kuanzia 1961, Series III kuanzia 1971 hadi 1985. Ni magari yaliyohudumia misheni, idara za serikali na miradi ya mkoa huu, mengine yakaingia minadani na kuishia kwa wafanyabiashara wa mawese na dagaa. Injini yake ya petroli ina sentimita za ujazo 2,286, silinda nne, na haina siri. Mwenye MGB au Triumph iliyotunzwa Nairobi au Dar es Salaam naye anaweza kusoma ukurasa huu bila hasara, kwa sababu Waingereza wa enzi zile walinunua umeme wa magari yao kwa Lucas. Distribyuta ya 25D4, na baadaye 45D4, imo ndani ya MGB kama ilivyo ndani ya 109.

Tuanze na pesa ndogo. Gari linapogoma kuwaka asubuhi, fundi asiye na subira hukimbilia betri, na mwenye gari hukimbilia duka. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma hivyo na stata bado inazunguka kwa unyonge, tafuta ethi kabla ya kununua chochote. Weka waya mmoja wa mita kwenye nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, kisha mtu apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani: waya wa ethi umeliwa na kutu, au boliti yake imekaa juu ya rangi. Dawa yake ni brashi ya waya, spana na muda mfupi wa kazi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na chesisi ni ya chuma, na metali hizi mbili zikikutana penye unyevu huliana. Ndiyo maana taa za nyuma huwaka hafifu au huwaka zote ukikanyaga breki. Wengine hubadilisha nyaya za gari zima kwa kosa la skrubu moja.

Tahadhari kwa mwenye gari la kabla ya 1967: mengi yalitoka kiwandani na ethi chanya, kinyume cha magari ya leo. Hakikisha kabla ya kuunga betri, altaneta au redio. Kosa la dakika moja hapo huunguza kifaa kipya kabisa.

Umeme wa kuwasha ukiwa sawa, nenda kwenye platini. Nafasi yake inapofunguka iwe milimita 0.35 hadi 0.40, na ya plagi iwe karibu 0.75 hadi 0.80. Fila geji hugharimu kidogo kuliko chakula cha mchana cha watu wawili, lakini gereji nyingi bado hupima platini kwa jicho au kwa kipande cha boksi la kiberiti. Platini zikiungua na kuwa nyeusi haraka baada ya kubadilishwa, shuku kondensa. Injini ikiwaka vizuri ikiwa baridi kisha ikazimika baada ya mwendo na kukataa hadi ipoe, shuku koili au kondensa kabla hujalaumu pampu ya mafuta. Valvu nazo zipewe nafasi ya milimita 0.25. Kazi hizi zote, pamoja na plagi, rota na kifuniko cha distribyuta, zinaisha ndani ya nusu siku.

Hapa ndipo chaguo la kwanza la kweli linapoanza: ubaki na platini au ununue mfumo wa elektroniki unaokaa ndani ya distribyuta ile ile? Mfumo wa elektroniki hauchakai kwa kusuguana, hauhitaji kurekebishwa kila baada ya kilomita elfu chache, na injini huwaka kwa urahisi zaidi. Kwa anayeishi Dar es Salaam ningesema anunue. Kwa anayefanya safari za Uvinza au Buhigwe jibu langu ni tofauti kidogo. Platini hufa polepole na hutoa dalili: gari linamisi, linapungua nguvu, unapata muda wa kufika nyumbani, na hata porini unaweza kuzisugua kwa msasa. Kifaa cha elektroniki hufa ghafla, na kikifa hakuna cha kusugua. Ukiacha swichi wazi injini ikiwa imezima, au ukiunga nyaya kinyume, baadhi yake huungua hapo hapo. Kwa hiyo anayekinunua anunue pia platini na kondensa mpya, azifunge kwenye mfuko pamoja na bisibisi, aziweke chini ya kiti. Gharama halisi ya kisasa hiki ni bei ya vyote viwili, na ndivyo ilinganishwe.

Upande wa mafuta, jicho la kwanza liende kwenye bakuli dogo la kioo lililo kwenye pampu ya petroli. Vijiji vya mwambao vinavyoletewa petroli kwa boti na madumu vinajua shida yake: maji na mchanga. Maji hukaa chini ya bakuli na unayaona wazi. Injini inayovuta kidogo, ikakata, ikavuta tena, mara nyingi inakunywa maji hayo. Safisha bakuli, badilisha gasketi yake, weka filta ya plastiki kabla ya kabureta, uone.

Kisha kabureta yenyewe. Series III nyingi zilikuja na Zenith 36IV, na kasoro yake inajulikana duniani kote: kifuniko cha juu hupinda kwa joto, ringi ndogo ya mpira iliyo ndani huchoka, na petroli inapita isipotakiwa. Matokeo yake ni moshi mweusi, injini isiyotulia ikiwa imesimama, na unywaji wa mafuta unaomfanya mwenyewe akate tamaa. Wengi hununua Weber 34ICH kuchukua nafasi yake. Weber ni rahisi kuirekebisha na ina vipande vichache. Hata hivyo Zenith iliyosawazishwa kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo, ikawekewa ringi mpya na gasketi mpya, hufanya kazi iliyokusudiwa na kiwanda, kwa sehemu ndogo ya bei ya kabureta mpya. Mimi ningesawazisha kwanza. Weber ningeinunua pale tu ambapo Zenith imeliwa kwenye mhimili wa koo lake kiasi cha kuvuta hewa pembeni, na hapo ningekataa nakala za bei ya chini zisizo na jina. Nyingi huja na jeti zisizolingana na injini, na utalipa fundi mara mbili.

Nimekaa sana kwenye vitu vidogo kwa sababu ndivyo vinavyoharibu hesabu ya vitu vikubwa. Tuifanye hesabu hiyo sasa. Injini ya petroli ya 109 iliyo katika hali nzuri huenda karibu kilomita 6 kwa lita. Ikiwa na platini zilizoungua na kabureta inayovuja, inashuka hadi 5 au chini yake. Dizeli ya turbo kama 200Tdi, ndani ya gari hilo hilo, hutoa karibu kilomita 9. Kwa urahisi wa kukokotoa, tuchukue lita moja kwa shilingi 3,000, petroli na dizeli sawa, na mwendo wa kilomita 12,000 kwa mwaka, yaani 1,000 kwa mwezi.

Injini ya petroli iliyo mgonjwa itakunywa lita 2,400. Ikitibiwa itakunywa 2,000. Dizeli itakunywa 1,333. Fundi anayeuza wazo la dizeli atakulinganishia 2,400 na 1,333, akuambie utaokoa shilingi milioni 3.2 kwa mwaka. Hesabu yake ni sahihi, ila shilingi milioni 1.2 kati ya hizo zingeokolewa na matengenezo madogo niliyoyaeleza. Faida ya dizeli yenyewe ni milioni 2. Basi akikutajia shilingi milioni 8 kwa kazi yote, pesa zako zinarudi baada ya miaka minne. Na kama gari lako linafanya kazi ya Kigoma mjini na Ujiji tu, kilomita 3,000 kwa mwaka, faida inashuka hadi laki tano, na miaka minne inakuwa kumi na sita. Weka bei ya mafuta ya wiki hii na bei uliyotajiwa mahali pa hizi zangu. Njia ya hesabu haibadiliki.

Kinachoamua ni kilomita zako. Anayebeba abiria au mzigo kila siku kwenda Kasulu ana haki ya kufikiria dizeli. Anayelitumia gari kwenda shamba Jumamosi hana sababu ya kifedha.

Ipo hali ya tatu: injini ya petroli imechoka kweli. Usikubali neno "imechoka" bila kipimo cha kompresheni. Pima silinda zote nne injini ikiwa na moto, plagi zote zimetolewa na kikanyagio cha mafuta kimekanyagwa hadi mwisho. Zikipishana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, mimina kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi au silinda zimelika. Kisipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. Tofauti ya gharama hapo ni kubwa mno. Kugrindi valvu na kubadilisha gasketi ni kazi ya silinda hedi peke yake na injini haitoki kwenye gari. Kuchonga silinda, kununua pistoni za saizi ya juu na kugrindi kranki ni ovaholi kamili, na hapo ndipo inafaa kuomba bei ya dizeli na kuziweka mezani pamoja. Ukiamua ovaholi, uliza kama injini ni ya kabla au baada ya 1980. Za zamani zina beringi kuu tatu za kranki, za baadaye zina tano na huhimili zaidi.

Kwa anayeamua dizeli, chaguo zinazozungumzwa gereji ni tatu, na haziko sawa. 200Tdi ya Land Rover, iliyoanza kwenye Discovery mwaka 1989, imetokana na ukoo wa injini hii hii ya zamani. Inakaa kwenye giaboksi ya Series ukihamishia nyumba ya flaiwili ya injini ya zamani, bila kuchonga pleti maalumu. Mdogo wake, 300Tdi ya 1994, anahitaji marekebisho mengi zaidi. Nissan TD27, yenye sentimita za ujazo 2,663, inahitaji pleti iliyokerezwa vizuri, lakini taimingi yake inaendeshwa kwa gia. Haina belti ya kukatika, jambo ambalo 200Tdi haiwezi kujisifia. Nguvu yake pia haiumizi giaboksi. Ya tatu ni Toyota 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita, sentimita za ujazo 4,164. Injini bora sana, na sifa yake Kigoma imetokana na magari ya mashirika ya wakimbizi. Ndani ya Land Rover ya Series mimi naikataa. Ni nzito mbele, inahitaji kukata na kuchomelea, na msukumo wake wa Newton-mita 285 unaingia kwenye giaboksi iliyoundwa kwa karibu 160. Utanunua injini moja, halafu ununue giaboksi, halafu ekseli.

Hata 200Tdi, yenye Newton-mita zaidi ya 250, inataka mguu mpole. 109 za Series III zilizokuja na ekseli ya nyuma ya Salisbury zinaweza kuibeba. 88, na 109 za zamani zenye ekseli ya Rover, huvunja hafushafti mwenye gari akisahau. Kati ya zote, kwa Kigoma ningechagua TD27 ikiwa mkereza vyuma ni wa kuaminika, na 200Tdi ikiwa hayupo. Pleti iliyokerezwa vibaya hula klachi na beringi ya giaboksi, na hakuna bei nafuu inayofidia hilo.

Bei ya kubadilisha injini haiishii kwenye injini, na hapo wengi hukwama katikati, gari likabaki juu ya mawe. Andika kwenye karatasi moja, kabla ya malipo ya kwanza: injini, pleti, klachi, rejeta na mipira yake, bomba la moshi, mabano ya injini, nyaya, filta ya dizeli, kusafisha tangi, na ufundi. Mkubaliane na fundi kwa jumla hiyo iliyoandikwa, mlipane kwa hatua, na hatua ya mwisho ilipwe baada ya gari kupanda mlima likiwa na mzigo bila kuchemsha.

Kuhusu kuchemsha, nina neno na mafundi wetu. Kutoa thamostati na kuitupa imekuwa desturi, eti Kigoma kuna joto. Mji uko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari na si tanuri. Injini isiyo na thamostati hukaa baridi kupita kiasi kwenye safari fupi, inakunywa mafuta zaidi na silinda zake hulika mapema. Thamostati mpya ni moja ya vipuri vya bei ndogo kabisa kwenye gari zima. Mara nyingi tatizo la kuchemsha limo kwenye rejeta iliyoziba tope au belti ya feni iliyolegea.

Sasa breki, na hapa sikubali mjadala wa bei. 109 ina breki za ngoma magurudumu yote manne, na nyingi za zamani zina mzunguko mmoja tu wa mafuta ya breki: mpira mmoja ukipasuka, kikanyagio kinakwenda hadi sakafuni na magurudumu yote yanakosa breki. Kwa hiyo mipira yote ya breki, silinda za magurudumu na masta silinda vibadilishwe kabla ya kuongeza hata farasi mmoja wa nguvu. Mwenye uwezo wa kuongeza aweke masta silinda ya mizunguko miwili pamoja na seva kutoka Series III ya miaka ya mwisho. Kwa maoni yangu hakuna kisasa kingine kwenye gari hili kinacholipa kama hicho. Breki za diski za mbele zinauzwa ng'ambo kwa seti nzima. Ni nzuri, ni ghali, na ngoma zilizokerezwa sawa na kurekebishwa vyema husimamisha 109 kwa mwendo wake wa kawaida.

Wanunuzi wa mkoa huu wana jambo moja la kuangalia ambalo mwongozo wa Uingereza hautawaambia. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, gari la Kibirizi haliozi kama la Tanga. Lakini chumvi tunayo, ile ya Uvinza. Gari lililowahi kubeba magunia ya chumvi, au migebuka iliyotiwa chumvi, linaoza chesisi kutoka ndani huku aluminiamu ya juu ikiendelea kung'aa. Ingia chini na nyundo ndogo, gonga chesisi kuanzia nyuma ya magurudumu ya mbele hadi bampa ya nyuma. Sauti kavu na kali ni chuma, sauti butu ni kutu iliyofunikwa rangi. Kuchomelea chesisi ni gharama isiyo na mwisho, na bora ulipite gari hilo hata likiwa na injini inayoimba. Lililozoea kurudishwa nyuma majini kupakua boti, fungua kizibo cha difu: oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji, na beringi zake ziko njiani kufa.

Vipuri vinatoka mbali, na umbali ni sehemu ya bei. Reli kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni kilomita zaidi ya 1,250. Gerezani na Kariakoo zina vipuri vya Land Rover, Kirinyaga Road ya Nairobi ina vingi zaidi, na Arusha ndiko kwenye mafundi wengi wanaoishi kwa magari haya. Si bure tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 lilifanyika huko. Kuagiza kifaa kimoja kimoja ni kulipa nauli ya mzigo mara kumi. Agiza kwa mkupuo: platini tatu, kondensa tatu, seti ya mipira ya breki, gasketi ya silinda hedi, belti ya feni, mpira wa pampu ya petroli. Kondensa ziwe za chapa inayojulikana hata zikigharimu mara mbili, kwani za bandia hufa mpya. Bushi na shokapu mtu anaweza kubahatisha.

Wapo watakaouliza kwa nini usiuze tu ununue Toyota iliyotumika. Kwa anayetembea lami ya kwenda Kasulu na Uvinza peke yake, naungana nao: gari dogo la Kijapani litakwenda mara mbili ya kilomita za Land Rover ya petroli kwa lita, na vipuri vyake vipo Mwanga. Land Rover inajilipa penye mzigo, tope na barabara za vijijini, na kwa mwenye kuipenda ambaye amekubali kwamba mapenzi yana bajeti yake.

Ukibadilisha injini, nenda na risiti ya injini TRA urekebishe kadi ya gari, kisha uwape taarifa watu wa bima. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi, na askari wa barabarani huisoma. Ajali ikitokea kadi ikiwa bado inataja injini ya petroli iliyokwisha kuuzwa chuma chakavu, madai yako ya bima yana mahali pa kukwamia. Risiti hiyo idai kwa muuzaji siku ya kununua, yenye namba ya injini juu yake.